Kutoguswa Siyo Kuruhusiwa

Juni 2005, kampuni iitwayo PartyGaming iliingia katika Soko la Hisa la London. Hisa moja iliuzwa kwa peni 116, na kwa bei hiyo kampuni nzima ikathaminiwa kwa zaidi ya pauni bilioni 4.6, kupita hata shirika la ndege la British Airways kwa wakati ule. Makao yake yalikuwa Gibraltar. Haikuwa na ndege wala kiwanda. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha watu kwenye intaneti wacheze karata za poka kwa fedha, na yenyewe kukata kamisheni kidogo kidogo kwenye michezo hiyo.

Kampuni inayotaka kuuza hisa kwa umma hulazimika kwanza kutoa waraka wa matarajio, yaani kitabu kinachomweleza mnunuzi anachokinunua pamoja na hatari zake. Kwenye suala la sheria, waraka wa PartyGaming haukuzunguka. Ulieleza kwamba karibu tisa ya kumi ya mapato yanatoka kwa wachezaji walioko Marekani. Ukaeleza kwamba wakuu wa sheria wa Marekani wanaihesabu biashara hiyo kuwa haramu. Kisha ukasema, kwa lugha ya kiwakili lakini inayoeleweka, kwamba kampuni na wakurugenzi wake wanategemea jambo moja: kwamba wasimamizi wa sheria wanaonekana hawataki, au hawawezi, kuishtaki kampuni isiyo na ofisi ndani ya nchi yao.

Soma tena hayo ya mwisho, ndugu msomaji, taratibu. Anayeandika hivyo hana ruhusa mkononi. Ana matumaini tu kwamba mwenye mamlaka ataendelea kutazama pembeni. Na bado watu wazima wenye akili zao, mabenki yenye wanasheria wengi, na mifuko inayotunza pensheni za wafanyakazi, walisoma maneno hayo na kutoa fedha.

Tusiwacheke. Mimi nikipewa kitabu cha kurasa mia kadhaa, jicho langu hukimbilia jedwali la faida, na ninadhani lako pia. Faida ya PartyGaming ilikuwa tamu kuitazama: mwaka 2004 iliingiza takriban dola milioni 600, na zaidi ya nusu yake ilibaki kuwa faida. Ukishaona hesabu ya namna hiyo, kurasa za hatari unazipitia harakaharaka ukijiambia kuwa ni desturi ya wanasheria kuandika mambo ya kutisha. Isitoshe, hoja ya waliokuwa wakinunua ilikuwa na sura ya busara. Biashara imekuwapo miaka kadhaa na hakuna aliyeiingilia. Ndivyo anavyosema mtu anayejenga bondeni: mto haujapita hapa miaka kumi, basi mto umehama.

Lakini dalili zilikuwapo, na hazikuwa za kutafuta kwa kurunzi.

Marekani ina sheria ya mwaka 1961 iitwayo Wire Act, inayokataza wafanyabiashara wa kamari kupokea dau kwa njia ya nyaya kutoka jimbo moja hadi jingine au kutoka nchi za nje. Ilitungwa enzi za simu za mezani, lakini waendesha mashtaka waliona inaufikia mtandao bila taabu. Mwaka 1998 walimfungulia mashtaka Jay Cohen, Mmarekani aliyekuwa akiendesha kampuni ya kubeti michezo, World Sports Exchange, kutoka kisiwa cha Antigua. Cohen alikuwa na leseni halali ya Antigua. Kwa kujiamini huko alirudi nyumbani kwa hiari yake kupambana mahakamani. Februari 2000 baraza la wazee wa mahakama mjini New York lilimtia hatiani, akahukumiwa miezi 21 jela, na rufaa yake ikagonga mwamba.

Hapo palikuwa na somo la kumtosha mtu yeyote aliyetaka kusoma. Leseni ya kisiwa inakulinda kisiwani. Haimfuati mteja wako hadi sebuleni kwake katika nchi ambayo sheria yake inasema vingine.

Zikafuata dalili nyingine. Mwaka 2003 Wizara ya Sheria ya Marekani iliviandikia vyombo vya utangazaji kuvionya kwamba kutangaza kamari ya mtandaoni kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kusaidia uhalifu. Mwaka huohuo kampuni ya malipo ya PayPal ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza madai ya kupitisha fedha za kamari, na wakati huo ilikuwa imekwisha kuiacha biashara hiyo. Msafirishaji fedha anapokimbia mzigo, mwenye mzigo anapaswa kujiuliza.

Kwa nini basi hawakujiuliza? Kwa sababu palikuwa na pa kushikia. Mwaka 2002 mahakama moja ya rufaa ya Marekani ilitamka kwamba Wire Act inahusu kubeti michezo tu. Kampuni za poka na kasino zikapumua: sisi hatubeti mpira, sisi ni karata. Wizara ya Sheria haikukubaliana na tafsiri hiyo na iliendelea kusema hadharani kuwa aina zote za kamari ya mtandaoni zimekatazwa. Kulikuwa na kauli mbili, moja ya mahakama na nyingine ya mwenye mamlaka ya kushtaki, na mwekezaji akachagua ile iliyokuwa tamu kwake. Vilevile Antigua ilikuwa imeishtaki Marekani kwenye Shirika la Biashara Duniani na kupata ushindi wa aina fulani. Ushindi huo ulizungumzwa sana. Ila Shirika la Biashara Duniani halina ufunguo wa gereza lolote la Marekani.

Kuna dalili moja ambayo binafsi naiona ndiyo kubwa kuliko zote, na haihitaji mwanasheria. Fedha zilizopatikana siku PartyGaming ilipoingia sokoni London, kwa sehemu kubwa kabisa, hazikwenda kuikuza kampuni. Zilikwenda kwa waanzilishi waliokuwa wakiuza sehemu ya hisa zao. Simaanishi kwamba kila anayeuza chake ana hila. Mtu ana haki ya kuvuna alichopanda. Lakini aliyeijua hatari ile kuliko wote alikuwa anaipunguza mabegani mwake, na wewe mgeni ndiye uliyekuwa unaipokea. Hapo palistahili usiku mmoja wa kukosa usingizi.

Septemba 2005 kampuni ikaingia katika orodha ya FTSE 100, ambamo hukaa kampuni kubwa mia moja za soko la London. Hili laonekana kama heshima tu, lakini lina athari yake. Iko mifuko ya uwekezaji ambayo kanuni yake ni kununua kila kilichomo katika orodha hiyo. Kwa hiyo mwalimu au muuguzi wa Uingereza ambaye hajawahi kushika karata maishani, na ambaye pengine dini yake inamkataza kamari, alijikuta akimiliki kipande cha biashara ya poka kupitia akiba ya uzeeni. Hakuna aliyemuuliza.

Julai 2006 mlango ukagongwa. Kulikuwa na kampuni nyingine, BetonSports, iliyoanzishwa na Mmarekani Gary Kaplan na kuendeshwa kutoka Costa Rica, na hisa zake zilikuwa zikiuzwa London tangu 2004 katika soko dogo la AIM. Mkurugenzi wake mtendaji alikuwa David Carruthers, Mskoti aliyewahi kufanya kazi katika kampuni kongwe ya kamari ya Ladbrokes. Carruthers hakuwa mtu wa kujificha. Alizungumza na magazeti, akiitaka Marekani itunge kanuni na kuitoza kodi biashara hiyo badala ya kuikataza. Tarehe 16 Julai alikuwa safarini kutoka Uingereza kwenda Costa Rica, akashuka uwanja wa ndege wa Dallas kubadilisha ndege. Akakamatwa hapohapo. Hati ya mashtaka, iliyofunguliwa St. Louis, iliwataja watu 11 na kampuni nne. Miongoni mwa tuhuma ilikuwamo kwamba wateja waliambiwa kwenye matangazo kuwa huduma ile ni halali na ina leseni.

Fikiria hali ya mwenye hisa asubuhi ile. Biashara ya hisa za BetonSports ilisimamishwa. Hukuweza kuuza kwa hasara, hukuweza kuuza kwa bei ya kutupa, hukuweza kuuza kabisa. Kampuni ikaacha kupokea wateja wa Marekani, ambao ndio waliokuwa biashara yenyewe, na ikamfukuza kazi Carruthers. Wateja wengi walibaki wakidai fedha walizokuwa wameziacha kwenye akaunti zao. Carruthers alikaa miaka kama mitatu chini ya kifungo cha nyumbani huko Missouri, na kifaa cha kielektroniki mguuni, kabla ya kukiri kosa mwaka 2009. Januari 2010 alihukumiwa miezi 33. Kaplan alikamatwa Jamhuri ya Dominika mwaka 2007, na hatimaye akahukumiwa miezi 51 na kunyang'anywa zaidi ya dola milioni 43.

Ungetegemea kwamba baada ya Dallas kila mtu angefungasha virago. Haikuwa hivyo. Hoja iliyosikika ni kwamba BetonSports ni suala jingine, la michezo na la watu fulani. Septemba 2006 Peter Dicks, mwenyekiti wa bodi ya Sportingbet, kampuni nyingine ya kamari ya mtandaoni, akasafiri kwenda New York na kukamatwa uwanjani kwa hati ya jimbo la Louisiana. Gavana wa New York alikataa kumpeleka Louisiana, na mzee akarudi kwao. Wengine waliona hiyo ni nafuu. Mimi naona ni mwenyekiti wa kampuni ya umma aliyekaa majuma kadhaa bila kujua kama atalala kwake au gerezani. Na tukumbuke kwamba mjumbe wa bodi si mmiliki wala mwanzilishi. Ni mtu aliyealikwa kukaa mezani na kupokea posho, kama ambavyo mimi au wewe tunaweza kualikwa kesho na rafiki mwenye mradi mzuri.

Kisha likaja lenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba 2006, Bunge la Marekani likiwa linaharakisha kufunga shughuli kabla ya uchaguzi, kifungu cha kamari ya mtandaoni kilibandikwa kwenye muswada wa usalama wa bandari na kupitishwa nao. Muswada wa bandari! Nani angeupigia kura ya hapana? Sheria ile haikumlenga mchezaji. Ililenga njia ya fedha: iliifanya kuwa kosa kwa kampuni ya kamari iliyokatazwa kupokea malipo ya kadi, hundi au benki, na ikayapa mabenki wajibu wa kuyazuia. Jumatatu, tarehe 2 Oktoba, soko la London lilipofunguliwa, hisa za PartyGaming zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa siku moja. Rais Bush alitia sahihi tarehe 13 Oktoba, na kampuni ikawafungia mlango wateja wake wa Marekani. Mwezi huohuo Sportingbet iliuza biashara yake ya Marekani, pamoja na madeni yaliyoambatana nayo, kwa dola moja.

Dola moja, kwa biashara iliyokuwa ndiyo kubwa ya kampuni.

Wapo wanaosema mwekezaji hawezi kulaumiwa kwa muswada uliopita usiku. Nakubali kwamba saa na njia hazikuweza kutabirika. Lakini nchi ile ilikwisha kusema mara nyingi kwamba haikubali, na ilikuwa inatafuta tu mahali pa kuikaba biashara. Bunge lilipata mahali hapo kwenye fedha, palepale ambapo PayPal ilikuwa imeonyesha miaka mitatu kabla.

Na kuondoka hakukufuta yaliyopita. Hili napenda tulitazame vizuri, kwa sababu wengi tunaamini ukiacha jambo leo umesamehewa ya jana. Januari 2007 walikamatwa waanzilishi wawili wa Neteller, kampuni ya Kisiwa cha Man iliyokuwa ikihamisha fedha za wachezaji, ingawa walikuwa hawaiendeshi tena. Kampuni yenyewe ilikubali kulipa dola milioni 136, na kwa miezi kadhaa wateja wa Marekani hawakuweza kugusa salio lao. Desemba 2008 Anurag Dikshit, mhandisi wa Kihindi aliyetengeneza programu za PartyGaming na kuwa mmoja wa wamiliki wake wakuu, alifika mahakamani New York mwenyewe, akakiri kosa chini ya sheria ileile ya 1961 na kukubali kutoa dola milioni 300. Jela hakwenda, alipewa mwaka mmoja wa kuwa chini ya uangalizi. Aprili 2009 kampuni nayo ilikubaliana na waendesha mashtaka kulipa dola milioni 105 ili isishtakiwe, kwa miaka ambayo ilikuwa imekwisha kuiacha nyuma. Fedha hizo zilitoka kwa wenye hisa wa siku hiyo, wakiwamo walionunua baada ya kampuni kutoka Marekani.

Nafasi aliyoiacha aliyeogopa ilichukuliwa na wasioogopa. Kampuni za poka za PokerStars na Full Tilt ziliendelea na wateja wa Marekani hadi tarehe 15 Aprili 2011, waendesha mashtaka wa New York walipofungua mashtaka dhidi ya wakuu wao na kuzikamata anwani zao za mtandaoni. Kwa Full Tilt lilifunuka jambo baya zaidi: kwa maelezo ya waendesha mashtaka, ilikuwa ikidaiwa na wachezaji kiasi cha dola milioni 390 huku benki ikiwa na milioni 60 hivi, ilhali wamiliki walikuwa wamegawiana zaidi ya milioni 440. Biashara inayoishi pembezoni mwa sheria hukosa pia mkaguzi wa kuigongea mlango, na mteja ndiye wa mwisho kujua.

Huenda unasema haya ni ya Wazungu na mabilioni yao. Basi tuje karibu. Julai 2019 nchini Kenya, kampuni 27 za kubeti zilijikuta bila leseni mpya kwa sababu ya mgogoro wa kodi, na Safaricom ikaagizwa kuzifungia namba zao za malipo za M-Pesa. Hizi hazikuwa kampuni za kujificha kisiwani. SportPesa ilikuwa na jina kwenye fulana za Gor Mahia na AFC Leopards, na upande wa Tanzania ilidhamini Simba na Yanga. Agosti ikakatisha udhamini wake wa michezo Kenya, na mwisho wa Septemba, baada ya Bunge kupitisha ushuru wa asilimia 20 kwenye kila dau, ikasimamisha shughuli zake nchini humo. Mamia ya wafanyakazi walipoteza kazi. Vilabu vilivyokuwa vimepanga msimu kwa kutegemea fedha hizo vilibaki vikihangaika na mishahara ya wachezaji.

Makosa ya Kenya hayafanani na ya London. Kule leseni haikuwapo mahali palipohitajika. Hapa ilikuwapo, ila ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, na watu walipanga mambo kana kwamba ni ya milele. Ndiyo maana nawaomba vijana wanaoombwa leo kuweka akiba zao kwenye duka la kubeti, au kuingia ubia na kampuni inayoahidi gawio la kila mwezi, wasiridhike na nakala ya cheti kilichotundikwa ukutani. Kwa Tanzania, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo na ofisi yake iko wazi. Nenda uulize kama leseni hiyo ni ya kampuni hiyohiyo, ni ya aina ya mchezo unaochezeshwa, na inaisha lini. Uliza kodi ya mwaka jana imelipwa au kuna kesi. Uliza wateja wako nchi gani, kwa kuwa kampuni inaweza kuwa halali Dar es Salaam na ikawa inachukua dau kutoka nchi isiyoruhusu. Uliza fedha za wachezaji zinakaa akaunti gani, na kama zimetengwa na fedha za matumizi. Uliza pia anayekuuzia anabaki na kiasi gani. Akikujibu kwamba kampuni ina miaka mitano na haijawahi kusumbuliwa na mtu, mwombe akuonyeshe ruhusa yenyewe, kwa maandishi, kabla hujaenda benki.